Hodi Niliyoifuta

Shoga yangu Mwanaidi,

Barua ya kawaida ingeanza kwa kukuuliza hali, kisha mimi niseme sijambo. Yote mawili hayaandikiki, kwa hiyo naanza na Horohoro. Kompyuta ya Horohoro ilinyamaza tena juzi. Ilikuwa katikati ya kazi, kipande chake hakijafika hata nusu, ikapotea kwenye orodha kama kawaida yake. Nilikaa nikaitazama. Nikajikuta nasema kwa sauti dukani, "Hajafa huyo, yuko Kenya kidogo, atarudi." Mteja aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa akanigeukia, nikamwambia samahani, naongea na mtu.

Maneno hayo ni yako. Uliyasema siku ya kwanza tulipoiunganisha kompyuta ya binamu yako kule mpakani, kwenye ofisi ya mizigo, tukaona modemu yake dakika hii inashika mnara wa Tanzania, dakika ijayo imevuka inashika wa Kenya, na kila ikivuka inapotea. Mimi nilitaka tuitoe, nilisema inatuchelewesha. Wewe ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukakaa ukaandika ile sheria.

Nitakueleza mengi unayoyajua, nivumilie. Nataka niyaone yamekaa kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Kichwani yanakuja yote pamoja, na yakija hivyo huwa naishia kujionea huruma, huruma ambayo sistahili.

Tulikuwa na kompyuta chakavu. Kumi na moja za maabara ya shule, hapo Makorora ulipokuwa fundi, moja yangu ya steshenari, na hizi za jamaa za hapa na pale. Kila moja peke yake haina lolote. Ulichokiona wewe, na mimi sikukiona, ni kwamba zile za shule kila siku baada ya vipindi zinakaa bure zimefunikwa vitambaa. Ukasema tuandike programu ya kuzifanya zisaidiane: kazi kubwa ikatwe vipande, kila kompyuta ipewe chake, ikimaliza irudishe, vipande viunganishwe viwe kitu kimoja. Na iwe huria, mtu yeyote popote aichukue, aitumie, airekebishe, asituombe ruhusa. Mhina, yule Mbondei wetu wa Muheza aliyeikuta mtandaoni akaja kutusaidia, ndiye aliyeipa jina. Alisema kwao watu wakitoka wote kwenda kuchimba barabara ya kijiji, kazi hiyo huitwa msaragambo. Ukapiga makofi, ukasema jina limepatikana, na programu ikawa Msaragambo.

Sheria yako ilikuwa humo ndani, mistari arobaini tu, ukaiita Hodi. Kompyuta ikinyamaza, Msaragambo isiichukulie kuwa imekufa. Ipige hodi, isubiri. Ipige ya pili, isubiri zaidi. Ipige ya tatu. Hata hapo isiondoke, kwanza imuulize jirani, yaani kompyuta iliyo karibu nayo, kama amemwona mwenzake. Jirani naye akisema hajamwona, ndipo kipande kichukuliwe kipewe mwingine. Nilikutania kwamba umeandika programu yenye adabu za bibi yako wa Pangani. Ukanijibu kuwa bibi yako alianguka bafuni akalala humo toka asubuhi, na aliyemwokoa ni mtu aliyekuja kuazima chungu, akapiga hodi tatu, akasikia kimya, akaenda kuuliza nyumba ya pili. Nikabadilisha mazungumzo.

Tatizo ni kwamba Hodi ilikula muda. Toleo la majaribio lilikuwa limekaribia, tulishatangaza kuwa litatoka Jumamosi, na aliyetangaza ni mimi. Watu wasiotujua wangelichukua, wangelipima, wangesema. Nilitaka waone mbio. Nilipojaribu bila Hodi, kazi ya asubuhi nzima iliisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Jumatano ile nikaja maabara kukwambia tuiondoe, anayenyamaza nusu dakika anyang'anywe kipande. Ukasema, "Kwa hiyo mtu akienda kunywa maji, akirudi akute jembe lake kapewa mwingine?" Nikakwambia mashine hainywi maji. Ukanitazama, ukasema taratibu, "Saumu, weye una haraka ya kusifiwa."

Ulisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Nami nikakujibu neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Nilisema, "Na weye unaitetea kwa sababu kila siku ni weye unayesubiriwa." Nilikuwa nauzungumzia ugonjwa wako, na wote wawili tulijua. Seli mundu ilikuwa ikikulaza siku tatu, siku nne, kazi zako zikakaa zinakungoja, na kila ulipotaka kuniomba radhi nilikukataza, nikisema radhi ya nini baina yetu. Kumbe nilikuwa naweka hesabu moyoni. Siku hiyo nikaitoa yote kwa mara moja. Ulizima feni ya maabara, ukachukua mkoba wako, ukaniacha nimesimama.

Alhamisi sikuja kwenu.

Miaka yote hiyo sikuwahi kukosa Alhamisi. Baada ya alasiri nafunga duka, natoka Makorora kwa miguu mpaka kwenu Nguvumali, mama yako, ambaye nami namwita Mama, ametupikia bada ya muhogo na samaki, tunafanya kazi sebuleni mpaka anatufukuza. Na siku ikikukuta umelala, ni mimi ninayeita bajaji, mimi ninayejua kadi yako ya kliniki inakaa droo gani, mimi ninayebishana na watu wa mapokezi. Mama miguu haimruhusu tena, na mambo ya hospitali yanamtisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika nyumba yenu. Hakuna aliyenipa, niliichukua mwenyewe, na nilikuwa najivunia.

Alhamisi hiyo nilikutumia ujumbe badala ya kuja. "Umeamuaje?" Hata salamu sikuweka. Ukakaa na tiki moja. Nilijua tiki moja ina maana mbili: ama simu ya mtu imezimika, ama mtu amekuzuia usimfikie. Nikachagua ya pili. Nikajiambia kanuna, kanizuia, basi na mie najua kununa. Ijumaa nikatazama tena, bado tiki moja, nami nikaona ndiyo ushahidi. Mwendo wa kwenu hata haunichoshi, Mwanaidi. Ningepita tu, nisimame mlangoni. Wewe uliandika hodi tatu kwa ajili ya mashine, mimi kwako sikupiga hata ya kwanza.

Mhina alinipigia Ijumaa hiyo kuuliza ule ukurasa wa maelekezo uliokuwa unauandika umefika wapi, na mbona huonekani. Nikamwambia, "Mwanaidi amejitoa." Akasema hilo halifanani na Mwanaidi. Nikamwambia achukue ukurasa wako aumalize yeye. Jioni alikuwa ameumaliza.

Jumamosi asubuhi nilifungua duka, nikawapiga watu wawili picha za paspoti, nikakaa kwenye kompyuta. Nikaifuta Hodi. Kisha nikafungua orodha ya watengenezaji, ambapo jina lako lilikuwa la kwanza kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza. Nikalikata pale. Nikalibandika chini kabisa, chini ya kichwa cha habari nilichokitunga papo hapo: Waliowahi Kuchangia. Ulikuwa hapo peke yako. Nilitaka ufungue uone, uumie, unipigie tugombane vizuri. Nikabonyeza, toleo likatoka. Kila badiliko linawekewa saa yake, unajua, na saa hiyo haifutiki. Ni saa nne na dakika kumi na mbili.

Ulikuwa hai, Mwanaidi. Ulikuwa hai na mimi nilishakuandika kwa wakati uliopita.

Binamu yako wa Horohoro ndiye aliyenipigia. Nilipoona jina lake nikajua ananipongeza kwa toleo. Nilipokea nikicheka.

Mengine nilielezwa na Mama siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, wanawake wengine wameanza kuaga. Maumivu yalikushika Jumatano jioni. Simu yako iliishiwa chaji na hakuna aliyeikumbuka. Alhamisi mchana Mama alitaka kumwita jirani atafute gari, ukamkataza. Ukamwambia, "Ngoja Mama, leo Alhamisi, Saumu anakuja." Mkangoja. Alasiri ikapita, magharibi ikapita. Ukasema, "Kachelewa dukani huyo." Ijumaa jirani alipoitwa na gari kupatikana, ulikuwa huwezi tena hata kukaa. Hospitali walihangaika na wewe. Jumamosi, adhuhuri inakaribia kuadhiniwa, ukaenda zako.

Mama alinisimulia haya bila lawama hata chembe, na afadhali angenilaumu. Alisema ni ahadi ya Mungu, siku ikifika imefika. Akanipapasa goti, akasema, "Nawe ulikuwa na kazi zako, mwanangu." Sijui kama ile siku moja ingebadilisha kitu. Sijamuuliza daktari, naogopa jibu lolote atakalonipa. Ninachojua ni kwamba ulikuwa umelala unanihesabu mimi kuwa mtu atakayekuja, nami nilikuwa nimekaa dukani natazama tiki.

Sasa niandike lile ambalo nimelificha.

Habari za kifo chako zilipoenea, watu waliolichukua toleo walifungua ile orodha, wakakuta jina lako chini, mahali pako peke yako. Wakadhani ni kumbukumbu. Wakadhani nimekaa na majonzi yangu nikakutengea nafasi ya heshima. Waliniandikia pole, wakanisifu kwa kukuenzi upesi namna ile. Hakuna aliyetazama saa. Mmoja aliandika kwamba ameuona utu wa watu wa Tanga. Nami nikajibu, "Asanteni." Nilijibu hivyo mara nyingi, mmoja baada ya mwingine. Binamu yako akamwambia Mama, na Mama akanishika mkono mbele ya wanawake wote waliokuwa mkekani, akasema, "Wameniambia umemwandika mwanangu mahali pazuri." Nikainamisha kichwa. Walidhani nalia, na kweli nilikuwa nalia, ila si kwa walichodhani.

Mhina alikuja msibani kutoka Muheza, amevaa kofia ya kuazima iliyokuwa ndogo kwake, ungemtania mpaka aivue. Tulikutana mlangoni. Yeye anajua kusoma saa za mabadiliko, na alikuwa anakumbuka nilichomwambia Ijumaa. Alinipa pole, akanitazama kupita kawaida, akaenda kukaa na wanaume. Tangu hapo tukawa tunaandikiana mambo ya kazi tu.

Na toleo lenyewe? Hapo ungecheka mpaka ukohoe. Kazi kubwa ya kwanza tuliyolikabidhi ni ile uliyowaahidi akina mama wakulima wa mwani, kuhesabu ni miezi gani maji yatapata joto, wapate kuhamisha kamba zao za mwani mapema kwenye kina kirefu. Msaragambo ilikimbia kweli. Horohoro ikavuka Kenya, ikanyang'anywa kipande chake, kikapewa kompyuta ya shule. Horohoro ikarudi, imekimaliza kipande vizuri kabisa, ikakirudisha, na vyote viwili vikajumlishwa pamoja. Umeme nao ukayumba, tatu za maabara zikanyamaza kidogo, zikafanyiwa vilevile, na joto likatoka maradufu. Mwenyekiti wao, Bi Mgeni, alinipigia simu na karatasi yake mkononi. "Mwanangu," akasema, "haya maji ya bahari au ya chai?" Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikachukua simu nikutumie maneno hayo, nikafika mpaka kwenye jina lako, na ule ujumbe wangu bado uko pale na tiki yake moja.

Nilimwambia Bi Mgeni asitumie zile hesabu, nitamrudishia zilizo sahihi. Halafu zikaanza kuja barua za watumiaji. Kompyuta zao za kizamani zikipumua kidogo tu zinaachwa, kazi zao zinapotea. Mmoja, simjui, aliandika, "Programu yenu nzuri, ila haina subira na mgonjwa." Alikuwa anaizungumzia kompyuta yake mbovu, maskini. Nilifunga duka mapema siku hiyo.

Nimeirudisha Hodi, mistari yako yote arobaini. Nilipoifuta nilifuta kwa jumla, sikusoma. Safari hii nilisoma mstari mmoja mmoja, na kati ya mstari wa kumi na nane na wa kumi na tisa nikakuta maelezo uliyoyaweka ya kusomwa na binadamu, si mashine. "Saumu akifika hapa atataka kufuta. Saumu, acha." Hukuniambia kuwa umeandika hivyo. Sijui uliandika lini, labda mwaka mzima kabla. Nilicheka kwa mara ya pili tangu ulipokufa, kisha nikaomba radhi kwa kioo cha kompyuta.

Kwa hiyo juzi Horohoro iliponyamaza, sikugusa kitu. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ikamuuliza jirani, ile kompyuta nyingine ya ofisi ileile, naye akajibu kuwa mwenzake yupo ila hana mtandao. Tukangoja, mimi na Msaragambo na yule mteja wa cheti cha kuzaliwa ambaye fotokopi yake nilikuwa nimeisahau. Baada ya muda Horohoro ikarudi, ikakabidhi kipande chake, na hesabu za Bi Mgeni zikatoka jinsi zinavyotakiwa. Nimeshampelekea. Amesema haya sasa ni maji ya bahari.

Jina lako nimelirudisha juu, la kwanza. Kile kichwa cha Waliowahi Kuchangia nimekiondoa, kwa sababu mistari yako inafanya kazi kila siku na hakuna cha kuwahi hapo. Lakini kulirudisha kimya kimya nako kungekuwa kuficha. Kwenye maelezo ya toleo jipya nimeandika kila kitu: kwamba jina hilo nililihamisha mimi, kwa hasira, ungali hai, na kwamba pole na sifa nilizopokea hazikuwa zangu. Nilimpelekea Mhina asome kwanza, nikamwomba radhi kwa uongo wa Ijumaa. Alijibu siku hiyohiyo. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mama anajua?"

Hajui. Ndiyo maana toleo halijatoka. Sitaki alisikie kwa binamu yako, alisikie kwangu, nikiwa mbele yake. Na ninaogopa, Mwanaidi. Tangu ufe sijakosa Alhamisi hata moja. Ananipikia bada, anakata samaki vipande viwili vikubwa kwa mazoea, kimoja anakirudisha chunguni. Ananisimulia wewe ulivyokuwa mdogo. Nyumba ile ndiyo mahali pekee ninapokutaja na mtu akanielewa, na leo huenda nikaifunga kwa mdomo wangu. Akinitoa nje nitatoka. Nimejizuia mara tatu kumwambia, kila mara nikisema nisimwongezee kidonda, na kila mara nikijua ninayemlinda ni mimi.

Nakuahidi mambo mawili, makubwa siyawezi. Hodi haitaguswa na mkono wangu, wala wa mtu mwingine nikiwepo. Na mtu wangu akinyamaza, awe kanuna, awe kanizuia, awe kalala, nitainuka nimwendee mlangoni kwake, hayo mengine tutayajua huko.

Leo ni Alhamisi, alasiri imeshaswaliwa, duka nimelifunga. Barua hii nakwenda nayo. Mama akinikubalia kuingia mpaka chumbani kwako, nitaiweka kwenye ile droo ya kadi ya kliniki, maana droo hiyo naijua. Pumzika, shoga yangu. Mungu akuvushe mahali ambapo mwili hauumi na hakuna anayekuharakisha, na akikujalia kunisamehe, nisamehe kwanza lile neno la Jumatano, hayo mengine yafuate.

Nitafika, nitapiga hodi. Mama ataitika karibu kama kila Alhamisi, nami nitampa shikamoo yake. Kabla sijavua viatu, kabla hajanitengea sahani, nitamwambia: ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili, Mama, na mwanao alikuwa hai.

Wako mwenye haraka,
Saumu